Kato ni wa nani? Siku nane kutoka Bukoba hadi Hoima na Kasubi

Siku ya 1: Bukoba hadi Masaka

Nimezaliwa pacha. Kaka yangu alitangulia, akaitwa Ishengoma. Mimi nikafuata, nikaitwa Kato. Kwetu Uhaya hakuna anayekaa chini kuwachagulia mapacha majina, majina yapo tangu zamani yanawasubiri. Sikujua kwamba hili langu lina ugomvi wa falme mbili mpaka mwaka jana, kwenye msiba Kanyigo, ambapo wakwe zetu wawili kutoka Uganda nusura washikane mashati kwa ajili yake.

Mmoja ni Mnyoro, mwingine Mganda, wote wameoa kwetu. Mnyoro alisema Kimera, kabaka (mfalme) wa kale wa Buganda, jina lake halisi ni Kato Kimera, pacha mdogo wa Isingoma Rukidi, mfalme wa kwanza wa nasaba ya Babito kule Bunyoro. Kwa maneno mengine, Buganda ni tawi na Bunyoro ndiyo shina. Mganda aliruka kama aliyemwagiwa uji wa moto. Kimera, alisema, ni mjukuu wa Chwa Nabakka na kitukuu cha Kintu, kabaka wa kwanza, hakupewa ufalme na mtu, alirudi kuuchukua wa babu zake. Wazee waliwatenganisha, chakula kikaletwa, lakini maneno yalibaki hewani.

Baba mdogo ndiye mtunza daftari la ukoo. Sisi ni Ababito wa Kiziba, mojawapo ya falme za Uhaya, na jina la kwanza katika daftari hilo ni Kibi, mwindaji aliyekuja na mbwa wake kutoka Bunyoro. Usiku ule aliniita kando akaniambia, "Kato, wewe una miguu bado. Nenda ukawasikilize makwao. Msibani mtu husema ili ashinde."

Basi la asubuhi lilivuka daraja la Kyaka jua likiwa limeshachomoza. Mama yangu ni wa Bunazi, ng'ambo ya mto. Mwishoni mwa 1978 Idi Amin alitangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya Kagera sasa ni ya Uganda, daraja likalipuliwa, na mama, akiwa bado binti mdogo, alitembea usiku na wadogo zake bila kujua wanaelekea wapi. Yote hayo kwa ajili ya mpaka uliochorwa Ulaya mwaka 1890, mstari ulionyooka kwenye digrii 1 kusini ya ikweta, ambao haukumuuliza mtu wa Kiziba wala wa Buddu anaishi upande gani.

Mutukula, mpakani, kijana aliyegonga muhuri aliangalia pasipoti yangu, akainua macho: "Kato? Ggwe Muganda?" Nikamjibu mimi ni Mhaya. Akaniruhusu nipite, lakini swali lake nilikwenda nalo.

Nimelala Masaka. Hapa ni Buddu, nchi ambayo Buganda iliitwaa mwishoni mwa karne ya 18, enzi za Kabaka Jjunju, kutoka katika himaya ya Bunyoro. Mhudumu wa nyumba ya wageni hakuonekana kuwa na habari hiyo, na sikuona sababu ya kumpa.

Siku ya 2: Ntusi

Njia ya Sembabule ni vumbi na ng'ombe wa pembe ndefu. Ntusi yenyewe ni mji mdogo. Ukiuliza mambo ya kale wanakupeleka Bwogero, bonde kubwa lililochimbwa na watu, halafu kwenye vilima viwili wanavyoviita dume na jike. Vilima hivyo ni majalala. Watu waliishi hapa kati ya karne ya 11 na ya 15 hivi, wakala nyama, wakasaga nafaka, wakafua chuma, na takataka zao zikarundikana mpaka zikawa kilima. Niliokota kigae cha chungu, kina michirizi ya kusokotwa iliyobingirishwa juu ya udongo ukiwa mbichi. Bibi yangu alikuwa na chungu cha mapambo ya aina hiyohiyo. Nilikirudisha palepale nilipokiokota.

Nina sababu ya kukitaja kigae hicho. John Hanning Speke, mpelelezi wa Kiingereza, alipopita Karagwe mwishoni mwa 1861 na kupokelewa vizuri na mfalme wake, Omukama Rumanyika, alirudi kwao akaandika kwamba watawala wa nchi hizi ni jamii ya wageni weupe zaidi kutoka Uhabeshi, na wakulima ndio wenyeji waliotawaliwa. Nadharia hiyo imetuumiza kuliko mikuki ya wafalme wote, maana watu wetu wenyewe waliichukua, wakaanza kupimana pua. Lakini jalala la Ntusi lina mifupa ya ng'ombe na mawe ya kusagia nafaka katika udongo mmoja. Mfugaji na mkulima walikuwa wakitupa taka zao mahali pamoja.

Siku ya 3: Bigo

Bodaboda, mwendo wa saa mbili na nusu, na mara tatu tulishuka tukasukuma. Dereva wangu ni kijana wa Kihima, jamii ya wafugaji. Tulipofika alizima pikipiki, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia msikitini, "Ni hapa."

Mwanzoni sikuona kitu. Majani marefu, miti ya miiba, chini kabisa mafunjo ya mto Katonga. Kisha ardhi ikafunguka miguuni pangu. Ni handaki, limekwenda mbele mpaka likapotea kwenye kichaka. Nikashuka. Ukuta wake ulinipita kichwa, na chini nilikanyaga mwamba mtupu, maana waliochimba walipofika kwenye jiwe hawakusimama, walilikata jiwe. Ukiyaunganisha yote, mahandaki ya Bigo yanapita kilomita 10, na mahali pengine kina kinafika mita 4. Nilijaribu kupiga hesabu ya majembe, ya vikapu vya udongo, ya watu wa kuwapikia wachimbaji, nikaacha. Mtu aliyeweza kuwaita watu wengi hivyo wakaja alikuwa na uzito, jina lake liwe lolote.

Na jina ndilo linalogombewa. Bigo bya Mugenyi maana yake ni ngome za Mugenyi, na mugenyi ni mgeni, kama katika Kiswahili. Katika masimulizi, Mugenyi ni mmoja wa Bachwezi, watawala wa kale wanaoheshimiwa kama mizimu, na ndiye mwenye ng'ombe Bihogo aliyempenda mpaka akaapa kufa naye. Bunyoro wanasema Bachwezi ni wafalme wao: Ndahura, Mulindwa, Wamara, kisha Babito wakarithi. Nkore wanasema Ruhinda, mwana wa Wamara, ndiye mwanzilishi wao. Karagwe wanasema Ruhinda huyohuyo ni wa kwao, na Ihangiro nao wamo. Lakini ngome ipo Mawogola, ndani ya Buganda. Dereva wangu aliniambia bila wasiwasi wowote kwamba Bachwezi walikuwa Wahima. Nilimuuliza kama Wairu, yaani wakulima, hawakuwepo. Alifikiri. "Walichimba," akasema.

Jibu hilo lilinisumbua njia nzima. Hata kule Nkore, falme nyingine za Uganda ziliporudishwa mwaka 1993, wao hawakurudishiwa wa kwao, na sababu mojawapo ni hiyohiyo: Wairu wengi hawakuona kwa nini wausherehekee ufalme unaowakumbusha kwamba babu zao walikuwa wachimbaji.

Siku ya 4: Mubende

Mti wa Nakayima uko juu ya kilima, na mizizi yake imeinuka kutoka ardhini kama kuta, ikafanya vyumba. Kila chumba kina mwenyewe miongoni mwa Bachwezi. Nakayima alikuwa kuhani wa Ndahura, na cheo hicho kilirithiwa na wanawake kwa vizazi vingi.

Mama anayeangalia mahali hapo alinipa kiganja cha kahawa ya kutafuna, kama vile kwetu mgeni anavyokaribishwa. Familia moja ilikuja na maziwa, ikaongea Kinyoro. Katika chumba cha pili alikuwa kijana wa Kampala, suruali imepigwa pasi, amepiga magoti akinong'ona Kiganda. Kwa muda wa nusu saa hakuna aliyemwangalia mwenzake vibaya. Mungu wa ziwa anaitwa Mukasa kwa Waganda, sisi tunamwita Mugasha. Hakuna aliyewahi kupigana kwa ajili ya herufi hizo.

Siku ya 5: Kakumiro na Kagadi

Leo ndiyo siku niliyoielewa safari yangu.

Nchi hii inaitwa kaunti zilizopotea. Mwaka 1893 na 1894 Waingereza walimpiga vita Kabalega, Omukama wa Bunyoro, wakisaidiwa na maelfu ya askari wa Buganda. Malipo ya Buganda yakawa ardhi: nchi ya Wanyoro iliyo kusini ya mto Kafu. Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda ukaiweka wino, na vipande vikubwa vikagawiwa machifu wa Kiganda kama mailo, ardhi ya hati ya kudumu. Mnyoro akaamka asubuhi akiwa mpangaji kwenye shamba la babu yake. Na humohumo ndani ya kaunti hizo ndimo yalimo makaburi ya wafalme wengi wa Bunyoro. Fikiria makaburi ya wazee wenu yawe chini ya chifu wa jirani aliyewashinda.

Nje ya mji wa Kagadi nilikaribishwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Alitoa bahasha kutoka kwenye sanduku la bati, ndani mna risiti ya kodi ya baba yake, karatasi imekuwa na rangi ya chai. Jina lililoandikwa ni la Kiganda. "Hili si jina la baba," aliniambia. "Baba alikuwa na jina zuri la Kinyoro. Lakini mahakama ilisikiliza Kiganda, shule ilifundisha Kiganda, na padri aliomba Kiganda. Ukijiita Mnyoro, kesi yako inakaa." Kwa hiyo baba yake alijipa jina jingine, akajipa na ukoo wa Kiganda, na nyumbani milango ikifungwa wakarudi kuwa Wanyoro. Mzee alipitisha kidole juu ya ile risiti, mara mbili, kama anayepangusa vumbi ambalo halipo.

Uhuru ulipokuja, jambo hili lilikuwa bado bichi. Kabaka Mutesa II, ambaye mwaka 1963 alikuwa pia Rais wa Uganda, alijaribu kuwapa makazi wanajeshi wa zamani wa Kiganda kule Ndaiga, karibu na Ziwa Albert, ili kura ziongezeke. Kura ya maoni ikapigwa tarehe 4 Novemba 1964 katika Buyaga na Bugangaizi, na wananchi wakachagua kurudi Bunyoro. Mutesa alikataa kutia saini. Mfalme atie saini ya kuikata nchi yake mwenyewe? Waziri Mkuu Obote akatia, na uhasama wao ukazidi kukua, mpaka Mei 1966 jeshi likaivamia ikulu ya Kabaka iliyoko Mengo.

Mzee anakumbuka wakati wa kura. Baba yake, alisema, alitembea kifua mbele kwa wiki nzima, akijitambulisha kwa jina lake la zamani kwa kila mtu aliyekutana naye njiani, hata kwa waliomjua tangu utoto.

Nilitamani kuishia hapo. Lakini jioni kijana wake aliniongelea kuhusu Wakiga, waliohamia huku kwa wingi tangu miaka ya 1970 kutoka milima ya Kigezi ambako ardhi imekwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mkiga aliposhinda uchaguzi wa uenyekiti wa wilaya, palichafuka, akalazimika kuachia nafasi. "Hawa ni wageni," kijana alisema, "wanataka kututawala kwetu." Mzee aliinama akairudisha risiti kwenye bahasha. Hakusema kitu, na mimi kwa heshima ya nyumba yake sikusema. Ila naandika hapa: kidonda cha babu kilinihuzunisha, na namna mjukuu anavyokitumia ilinitia hofu.

Siku ya 6: Hoima

Nilijikuta naongea Kihaya tangu asubuhi, wao wakinijibu Kinyoro, na tunaelewana. Mfalme ni omukama kwao na kwetu, ng'ombe ni ente. Mke wa mwenyeji wangu hakutaka kuniita Kato tu. Alisema mtu mzima hawezi kutembea bila empaako. Ni jina la heshima na mapenzi, yapo machache tu, na kila mtu hupewa moja. Akaniangalia, akasema: Amooti. Tangu hapo nyumba nzima ikaniita hivyo, na kila aliyenisalimu aliniuliza kwanza empaako yangu.

Majina hayo, Amooti, Abwoli, Akiiki, Atwoki, hayana sura ya Kibantu. Yanasikika kama ya Waluo, watu wa ng'ambo ya Nile. Na ndiko masimulizi ya Bunyoro yanakosema Rukidi alitoka, Bukidi, na mama yake ni mwanamke wa huko. Kwangu mimi ushahidi huu unazidi orodha yoyote ya wafalme. Orodha mtu anaweza kuirefusha kwa kalamu usiku mmoja, lakini hawezi kuwafundisha watu laki kadhaa kuitana Amooti kila asubuhi.

Mparo iko karibu tu na mji, barabara ya Masindi. Kabalega amelala ndani ya nyumba ya nyasi, mikuki pembeni. Alikamatwa tarehe 9 Aprili 1899 kule Lango, baada ya miaka ya kupigana msituni, na aliyekamatwa pamoja naye ni Mwanga, Kabaka wa Buganda, ambaye alikuwa ameasi Waingereza na kwenda kujiunga naye. Miongoni mwa waliowawinda alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda. Wafalme wote wawili walipelekwa Shelisheli. Mwanga alifia huko 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi akiwa mzee, akafia njiani, Jinja, Aprili 1923, bila kuiona Bunyoro.

Mzee wa makaburi alinisimulia habari za mapacha. Rukidi alikuja mwili nusu mweusi nusu mweupe, ndiyo maana akaitwa Mpuga. Alipokalia kiti cha Bachwezi alimpa mdogo wake Kato sehemu ya Muhwahwa akaiangalie kwa niaba yake. Muhwahwa ndiyo Buganda ya leo. Kato akakaa, akaota mizizi, akaacha kupeleka kodi. Jina Kimera, mzee alisema, ni kumea.

Kisha akaniuliza jina langu. Nilipolitaja alinishika mikono yote miwili, uso umemjaa furaha. "Kumbe! Karibu nyumbani, mdogo wetu."

Alimaanisha wema mtupu, naapa. Lakini nilihisi kitu kikibana kifuani. Nimeishi miaka arobaini na kitu nikiwa pacha wa pili, nalijua neno hilo lilivyo na upendo, na linavyokuweka mahali pako. Nikamwelewa yule shemeji wa Kiganda kuliko siku zote.

Nilimuuliza na mimi langu: Kibi, mwindaji, aliyetoka hapa akaenda Kiziba akawa mfalme. Mzee alifikiri muda mrefu. "Wengi waliondoka," akasema kwa upole.

Siku ya 7: Kasubi

Kampala kwa basi, kisha pikipiki hadi Kasubi, kwenye makaburi ya makabaka. Nyumba kubwa, Muzibu Azaala Mpanga, iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, na Waganda waliisimamisha tena, nyasi kwa nyasi. Unavua viatu, unakaa kwenye mkeka. Juu yako kuna pete 52 za paa, moja kwa kila ukoo. Nyuma ya pazia la nguo ya magome ya mti wamelala makabaka wanne: Muteesa I, Mwanga, Daudi Chwa, na Mutesa II, ambaye alifia London 1969. Nilikaa nikitazama upande wa Mwanga. Jana nilikuwa kwa mwenzake.

Mama mmoja mlinzi wa nyumba alinisimulia Kimera wa kwao. Kalemeera, mwana wa kabaka, alikwenda kukaa Bunyoro kwa mfalme Winyi, huko akapata mtoto kwa siri na Wannyana, mke wa mfalme. Mtoto akatupwa kwenye shimo la udongo, mfinyanzi akamwokota, akamlea. Kiti kilipobaki wazi, watu wa Buganda walimfuata wakamrudisha.

Nilimsikiliza nikashtuka. Waganda hawakatai kwamba Kimera alitoka Bunyoro. Wao wenyewe wanasema alizaliwa huko, na mke wa mfalme wa huko. Wanachokataa ni baba. Ugomvi wote wa msibani ni wa mbegu tu, kwamba aliondoka kama mdogo aliyetumwa au kama mrithi aliyerudi. Na ukiuliza ulipata moto lini, utaona ni pale ulipoingia kwenye karatasi. Apolo Kaggwa, Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda, alichapisha orodha ya makabaka mwaka 1901, mara tu baada ya mkataba uliogawa ardhi. Wanyoro waliandika yao baadaye, kuanzia miaka ya 1930, na kitabu cha John Nyakatura kikatoka 1947, wakati madai ya kaunti yakiendelea. Siwalaumu. Mtu aliyenyang'anywa makaburi ataleta kila babu anayemjua awe shahidi. Ila mashahidi wale walipangwa wakiitazama kesi.

Mama yule alinikumbusha Septemba 2009, Kabaka alipozuiwa kwenda Kayunga kwa kuwa Wabanyala wa Bugerere walisema wao si Waganda. Zaidi ya watu 20 waliuawa katika ghasia za siku zile, vijana wengi wao. Jirani yake mmoja hakurudi nyumbani. Alisema hivyo huku akininyooshea ukingo wa mkeka.

Siku ya 8: Kanyigo

Nimefika usiku. Baba mdogo alikuwa hajalala, taa ipo mezani na daftari limefunguliwa. Nilimweleza yote, hadithi ya Mparo na ya Kasubi, zote mbili kwa ukamilifu, na aliandika zote mbili bila kuniuliza ipi ni ya kweli. Alipofika kwenye risiti ya kodi alisimamisha kalamu, akaomba nirudie.

Kisha akauliza alichokuwa anakisubiri tangu nilipokaa. "Na Kibi wanamjua?"

Nikamwambia alivyosema yule mzee, kwamba wengi waliondoka.

Alinyamaza. Kuku walijigeuza kwenye banda. Akafungua ukurasa wa kwanza, penye jina la Kibi peke yake juu, akaandika pembeni kwa herufi ndogo tarehe ya leo, na kwamba Kato, ambaye kule wamemwita Amooti, alikwenda Hoima akamtaja.